Watafiti wa Unguja na Pemba, tuelezane ukweli: chatboti zinatusaidia wapi na zinatuharibia wapi?

#1 BintiWaMwani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimekaa na jambo hili kifuani zaidi ya mwezi, na leo nimeamua kulitoa. Najua humu wamo watafiti wenzangu wengi, na najua wengi wetu tunatumia chatboti, zile programu za kuuliza na kujibiwa kama ChatGPT, kila siku ila hatusemi. Ukimuuliza mtu atakwambia yumo anaandika ripoti, lakini anaandika na nani hakwambii. Mie nasema.

Utafiti wangu ni wa kinamama wanaolima mwani upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kule kule kilimo hiki cha biashara kilikoanzia mwaka 1989. Nauliza kipato chao kimekuwaje tangu joto la bahari lianze kuwaulia kotonii, ile aina yenye bei nzuri, wakabaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Nilifanya mahojiano 24, mafupi dakika 40, marefu saa moja na nusu. Sauti zote zimo kwenye simu yangu.

Aliyewahi kunukuu mahojiano anaijua adha yake. Saa moja ya sauti inakula saa sita za kazi, na ikiwa na upepo wa pwani ndani yake inakula nane. Unasikiliza, unasimamisha, unarudisha nyuma, unaandika maneno matano, unarudisha tena. Msimamizi wangu alikuwa anaitaka sura ya matokeo na muda wa ufadhili ulikuwa unakatika. Mwenzangu mmoja akanionesha njia: kuna programu ya mtandaoni unaipakia sauti inakupa maandishi, maandishi unayapeleka kwenye chatboti, inakutafsiria kwa Kiingereza na kukupangia mada. Kazi ya miezi miwili niliimaliza kwa siku nne. Nilimshukuru Mungu, nasema kweli.

Matokeo yalikuwa matamu kuyasoma. Mada kuu nne, kila moja na dondoo zake. Ya kwanza ilisema kinamama wanategemea mvua: inaponyesha wanakwenda kuvuna, inapokosekana wanakaa. Ya pili ilisema uchafuzi wa maji unawazuia wasiingie baharini hata wiki nzima. Ya tatu ililinganisha mikoa, kwamba mwani unakufa zaidi Kaskazini Unguja kuliko Kusini. Niliisoma sura yote usiku, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, nikalala nikijua kazi imekwisha.

Asubuhi nikakwama kwenye dondoo moja ya bi mmoja wa Paje, ambaye ndiye niliyeanza naye mahojiano. Maandishi yalisema: "Sisi twenda mvua tu, maji mafu hatwendi."

Mie mtoto wa pwani. Sijapata kumsikia mtu anasema anakwenda mvua. Nikaiweka simu sikioni nikasikiliza mara tatu. Bi alisema: "Sisi twenda bamvua tu, maji mafu hatwendi."

Kwa wasiotoka pwani: bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwetu huku siku hizo kiasi cha saa nne asubuhi maji yamekauka barabara, na ndipo kinamama wanaposhuka kufunga mbegu na kuvuna. Maji mafu ni siku za kati, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki ya kutosha na mashamba yanabaki yamefunikwa. Hayana uchafu wowote. Programu ilisikia "bamvua" ikaandika "mvua". Chatboti ikayakuta "maji mafu", ikayafanya maji yaliyooza, ikajenga juu yake mada nzima ya uchafuzi wa bahari.

Nikaishika mada ya tatu roho ikinidunda. Kinamama walikuwa wamesema kaskazi mwani unaungua, kusi unashamiri. Misimu ya pepo hiyo! Kaskazi ndiyo miezi ya joto, Disemba kuja Machi, na kusi ndipo maji yanapopoa. Chatboti iliigeuza kaskazi kuwa Kaskazini na kusi kuwa Kusini, ikalinganisha mikoa miwili kutokana na maneno ya watu wa vijiji viwili ambavyo vyote vimo Mkoa wa Kusini. Na kotonii nayo, mahali pawili, imekuwa pamba.

Msaidizi wa utafiti naye angeweza kukosea maneno hayo, hasa akiwa si wa pwani. Lakini msaidizi angekwama. Angenipigia simu, "Dada, maji mafu ndiyo nini?", au angetia alama ya kuuliza pembeni ya karatasi. Hii haikukwama popote. Pale isipoelewa ndipo ilipoandika kwa ufasaha zaidi, na kila kosa lilikuja na maelezo yanayoingia akilini: tabianchi, mvua, uchafuzi, yale yale yanayosemwa na ripoti nyingi za dunia. Ndiyo maana nililala usingizi mzuri. Lingekuwa kosa la ovyo ningeliona usiku ule ule.

Nikapanda gari ya shamba nikarudi Paje. Bi nilimkuta barazani anachambua mwani mkavu, anautoa mchanga na majani ya bahari. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kusahihisha, nikamsomea ukurasa ule kwa Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mvua nani kaitaja?" Nikamweleza kuwa ipo mashine iliyosikiliza badala yangu. Hapo akaacha kuchambua. "Kwa hivyo sauti yangu kaisikia nani?"

Kwenye fomu ya ridhaa, ambayo nilimsomea kwa mdomo wangu mwenyewe, palikuwa pameandikwa kwamba sauti itasikilizwa na mie na msimamizi wangu tu. Na ndani ya mahojiano yale mna mambo ya nyumbani ya watu: pesa ya mwani inashikwa na nani, mume alisema nini bei ilipoanguka, nani kauza dhahabu yake ili mtoto amalize skuli. Walinipa amana. Mie nikaipakia kwenye kompyuta za watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, kwa sababu ya haraka, na wakati nabonyeza kile kitufe halikunipitia kichwani hata mara moja.

Sisemi tuziache. Bado nazitumia kunyoosha Kiingereza na sioni haya, kwani Kiingereza mie nilikipatia skuli, nyumbani hakisemwi. Lakini nataka kusikia kwenu. Wapi zimewafaa, wapi zimewaumiza, na amana za watu mnafanya nazo nini? Naomba visa vya kweli.

---

#2 Ukutani

Nipo, nafuatilia. Swali tu dada yangu: ulitumia ya bure au ya kulipia? Maana wapo wanaosema ya kulipia haikosei.

---

#3 BintiWaMwani

Ya kulipia. Dola 20 kwa mwezi, kiasi cha shilingi 50,000 zetu, tunachangia watu watatu. Haikusaidia kitu hapo.

Na kwenye sauti tatizo halikuanza na Kiswahili. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliichunguza Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kwa rekodi za Kiingereza. Wakakuta kiasi cha asilimia 1 ya vipande vya sauti vimetiwa sentensi ambazo hakuna mtu aliyezitamka, na zaidi ilitokea kwa wasemaji wanaonyamaza nyamaza katikati ya maneno. Nilipoisoma hiyo nikawakumbuka mabibi zangu. Wao ukiwauliza la pesa wananyamaza kwanza, wanaitazama bahari, ndipo wanajibu. Ule unyamavu kwangu ni jibu tayari.

---

#4 MsomaBarua

Wa alaykum salaam. Nimesoma mara mbili, na ngoja niseme yangu.

Mie ni wa historia. Nasoma barua za wafanyabiashara wa karne ya 19, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Anayezijua barua hizi anajua kuwa herufi ba kwa waandishi wengi wa zamani inabeba b, p na mb kwa pamoja, na mwandishi asipotia irabu, msomaji anazijaza mwenyewe kutokana na maana. Nilikuwa na nakala ya barua moja, nikaipiga picha nikaipa chatboti. Ikanisomea barua nzima, tangu salamu mpaka jina la mwisho, bila pengo hata moja. Mstari wa tano ulisema "mzigo wa Pemba".

Sasa mie nilikuwa natafuta habari za karafuu. Baada ya kile kimbunga cha 1872 kuilaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyolibeba zao, kwa hivyo "mzigo wa Pemba" kwangu ulikuwa kama dhahabu. Nilikaa siku tatu napanga sura nzima juu ya mstari ule. Siku ya nne nikampelekea mzee mmoja aliyesoma herufi hizi chuoni tangu mtoto. Akaweka kidole chini ya neno akaniambia, "Hapa hapana irabu, babu. Pemba na pembe zinaandikwa namna moja. Tazama mbele." Mbele palikuwa na Unyanyembe, kule bara upande wa Tabora. Kutoka Unyanyembe hazikuja karafuu. Barua ilikuwa ya pembe za ndovu.

Na mistari miwili ya chini, ambapo karatasi imelowa na wino umekimbia, chatboti iliisoma nayo vizuri kabisa. Mzee alipofika hapo alisema tu, "Pamefutika," akaendelea na upande wa pili.

Marejeleo ndiyo msiseme. Mwaka 2023 jarida la Scientific Reports lilitoa uchunguzi ulioonesha kuwa asilimia 55 ya marejeleo yaliyotolewa na ChatGPT ya toleo la GPT-3.5 yalikuwa ya kubuni, na kwa toleo la GPT-4 asilimia 18. Mwaka huo huo mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Nyingi za sasa zinaweza kutafuta mtandaoni kwanza, makosa yamepungua, lakini mie rejeleo nisilolifungua kwa mkono wangu haliingii.

Inaponifaa ni hapa: makala za Kifaransa na Kijerumani. Kijerumani sijui hata neno. Kuna mambo ya miaka ya 1880 ya pwani hii yamelala kwenye Kijerumani, na sasa angalau najua ukurasa gani nimpelekee mfasiri.

---

#5 MtuWaWete

Salaam kutoka Pemba. Kazi yangu ni kichocho, na ninataka kuusema upande wa pili kwa sababu kwangu chatboti imekuwa msaada mkubwa.

Sisi tuna data za maskuli kwa miaka mingi, na wa kuzichambua ni wachache. Uchambuzi tunaufanya kwa R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu. Mie R nilifundishwa kwa wiki mbili tu, iliyobaki nimejisomea. Zamani nikikwama kwenye ramani ya shehia ningemwandikia mtu aliyeko Ulaya, nasubiri siku tatu anijibu. Sasa naibandika ile taarifa ya kosa, napata jibu na maelezo kwa nini, naendelea kabla chai haijapoa. Kwa mtu aliyeko kisiwani hilo si dogo, na nilihisi kwa mara ya kwanza kuwa kazi ya data naweza kuimaliza mwenyewe bila ya kumsubiri mgeni.

Lakini nina kisa. Nilitaka ramani ya ukali wa maambukizo kwa kila skuli. Mayai 50 au zaidi ndani ya mililita 10 za mkojo ndiyo tunaita maambukizo makali. Chatboti ikaniandikia programu, ikaenda bila kosa hata moja, ramani ikatoka na skuli moja nyekundu pii katikati ya skuli za rangi ya njano. Wenzangu wakaanza kuzungumza habari ya kupeleka timu.

Mie skuli ile naijua. Nimepita pale tangu mdogo. Hapana mto, hapana bwawa, maji wanachota bombani, na konokono wa kichocho wanataka maji ya kukaa yasiyo na chumvi. Nikafungua jedwali. Watoto sita wa skuli ile siku ya vipimo hawakuleta mkojo, na aliyeingiza data aliwaandikia 999, alama yetu ya "hakuna sampuli". Programu ilizihesabu kama mayai 999. Chatboti haikuwa na njia ya kujua, wala mie sikuiambia. Kosa ni langu nusu. Lakini lau kama ningekuwa mtu wa mbali naiangalia ramani kwenye skrini, timu ingekwenda.

---

#6 BintiWaMwani

MtuWaWete ahsante sana. Nauliza bila ya kukuchimba: zile data za watoto uliziingiza humo?

---

#7 MtuWaWete

La, hapo nipo makini. Majina na namba za watoto hazitoki kwenye kompyuta ya kazini. Ninachofanya natengeneza jedwali la uongo: vichwa vya safu vile vile, mistari mitano au sita niliyoitunga kichwani, skuli nimeziita A, B, C. Naipa hiyo, inaniandikia programu, kisha programu naiendesha kwangu juu ya data ya kweli. Chatboti haijapata kumwona mtoto hata mmoja wa Pemba.

Baada ya kile kisa, kwenye mistari ya kutunga natia na 999 moja, makusudi.

---

#8 KauntaBuku

Yangu ni tofauti kidogo na bado yananichoma, kwa hivyo mnivumilie.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, chuo sikitaji. Sura ya pili ya tasnifu yangu niliiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, kwa sababu nyumbani kompyuta tunatumia watatu. Nikaichapa, nikaipeleka. Ikapitishwa kwenye programu ya kugundua maandishi ya mashine, ikatoka kuwa sehemu kubwa imeandikwa na akili mnemba. Nikaitwa. Mbele ya watu wawili ninaowaheshimu nikaulizwa niseme kweli.

Niliwapelekea kaunta buku. Kurasa 61, zimekatwa katwa, mishale huku na huku, mahali pengine pana hesabu za duka la mama. Walizipekua wakaniachia, lakini hakuna aliyesema samahani.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa Kimarekani wa darasa la nane karibu zote zikapita salama. Sababu ni kwamba anayejifunza lugha anatumia maneno machache na sentensi zilizonyooka, na programu inaona hiyo ndiyo tabia ya mashine. OpenAI wenyewe walikuwa na programu yao ya kugundua, wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu haikuwa na uhakika.

Kwa hivyo mtoto wa Kizanzibari akiandika Kiingereza kibovu anaambiwa hajui, akikiandika kwa uangalifu anaambiwa si chake.

---

#9 MwalimuWaZamani

Wanangu, salaam. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini na nimesimamia tasnifu nyingi. KauntaBuku, hao waliokuita walipaswa kukuomba radhi, na kama ningekuwamo chumbani ningesema hivyo.

Nitaongeza mawili. La kwanza, majarida makubwa, Nature na Science, tangu Januari 2023 yamekataa chatboti kuandikwa kama mtunzi, na hoja yao ni kuwa mtunzi anaulizwa. Ukikosea unasimama unajibu. Hilo BintiWaMwani amelifanya barazani Paje, kwa hivyo yeye ndiye mtunzi wa kazi yake hata kama amechelewa.

La pili ni ombi. Msiipe ikusomeeni kabla nyinyi hamjasoma. Naona vijana wanapakia makala kumi, wanaomba muhtasari, wanaandika mapitio. Mhakiki wa jarida moja alinirudishia makala yangu na maoni yaliyonitaka nitaje kazi tatu. Nimezitafuta wiki nzima, hazipo duniani. Naye ni mtu mzima, msomi, kachoka tu. Mie naitumia kwa kinyume: nikishaandika, naiambia inipinge. Nionyeshe palipo dhaifu. Nusu ya inayoyasema hayana maana, nusu yananilazimisha nirudi maktaba.

Kiingereza chenu kiacheni kiwe chenu. Kikiwa na kovu si aibu.

---

#10 KauntaBuku

Mwalimu shikamoo. Nashukuru kwa maneno yako, na kwa heshima zote hapo mwisho sikubaliani nawe. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa na jarida kwa maneno mawili matatu tu kuhusu lugha, hakuna aliyegusa hoja. Mhariri wa Kiingereza wa kulipwa anataka pesa ambazo kwangu ni za miezi. Wenzetu waliozaliwa nacho hawalipi kitu. Chatboti ndiyo mara ya kwanza nimesimama nao sawa. Kovu ni langu, lakini linanifungia mlango.

---

#11 MwalimuWaZamani

Marahaba mwanangu. Umenijibu, na ni kweli. Basi inyooshe, lakini baki na rasimu yako ya kwanza, kama ulivyobaki na kaunta buku.

---

#12 MtuWaMakunduchi

Nimechelewa kuuona uzi. Mie nashughulika na lahaja, nina rekodi za wazee wa Makunduchi wanaosema Kikae.

Mashine hizi zinakisia kipande cha neno kinachofuata kutokana na maandishi zilizolishwa. Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi ni kile kilichosanifiwa tangu 1930, chenye msingi wa Kiunguja cha Mjini, na siku hizi zaidi ni lugha ya habari na matangazo. Kikae, Kitumbatu na Kipemba cha vijijini vimo midomoni. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, imetoa kamusi za lahaja na ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kamusi moja si bahari ya maandishi. Neno lisiloandikwa mara nyingi, mashine inalivuta kuelekea neno inalolijua. Ndivyo bamvua ilivyovutwa ikawa mvua.

Niliipa sentensi za bibi mmoja wa kwetu nikaomba tafsiri, ikatoa. Nikaiomba iniandikie yenyewe sentensi kwa Kikae. Nayo ikatoa, kwa furaha, Kiswahili cha vitabuni kilichochomekwa maneno ya Mombasa. Niliwasomea vijana watatu wa Makunduchi. Wawili walisema si chetu. Wa tatu, aliyekulia Mjini, alisema, "Labda wazee ndivyo walivyokuwa wakisema." Huyo wa tatu ndiye aliyenitia hofu. Miaka ishirini ijayo atakuja mtu kuuliza Kikae ni kipi, na wa kumjibu watakuwa wachache.

Rekodi zangu sijazipakia popote. Sijui kama ni busara au ni woga, maana bila ya kulishwa haitajua kamwe. Nalifikiria kila siku.

---

#13 BintiWaMwani

Ndugu zangu, nimekaa kimya siku kumi kwa sababu nilikuwa Paje na Jambiani. Bamvua lilikuwa zuri, maji yakikauka mpaka mbali.

Sikutaka kuwaita ofisini kwa sheha wala kuwatumia ujumbe. Nilishuka nao shambani, nikashika kamba, na mmoja mmoja nikamwambia: sauti yako niliitia kwenye mashine ya mtandaoni, sikukuomba ruhusa, nimeifuta kwenye akaunti yangu lakini siwezi kukuapia kuwa imefutika kila mahali. Niliwaambia hivyo hivyo. Wapo waliosema hapana neno. Wapo waliouliza maswali magumu, na bi mmoja wa Jambiani akaniuliza kama mwanawe aliyeko nje anaweza kuisikia, kwa sababu alimtaja. Nikamjibu sidhani, lakini nilikuwa nimesimama majini mpaka magotini na sauti yangu haikutoka vizuri. Watatu wakasema niwatoe. Nimewatoa, sauti na maandishi. Mahojiano sasa ni 21.

Nimemwandikia msimamizi wangu na kamati ya maadili nikaeleza yote. Fomu mpya ya ridhaa ina mstari unaosema wazi kama sauti itapita kwenye programu yoyote au haitapita, na mtu anachagua. MtuWaWete, jedwali lako la kutunga nimeliiba kwa ajili ya hojaji za kipato. MwalimuWaZamani, nimeiambia chatboti ipinge sura yangu mpya. Imeniuliza kwa nini sikuzungumzia mvua. Nimemwandikia MtuWaMakunduchi faragha kuhusu orodha ya maneno ya bahari. Bi wa Paje ameshanipa 40 ya kuanzia, na kila neno ananipa na siku yake ya mwezi.

Kunukuu nakufanya kwa masikio yangu. Usiku, wakati mtaa umelala na feni nimeizima ili nisikie. Nimo kwenye mahojiano ya tisa, dakika ya 14. Bi amenyamaza, nyuma yake maji yanasikika yanaanza kurudi, na mie nasubiri aseme.